Pointa za Mbwa kwenda pointa za Mnyama

Ndugu, umeuliza kwa nini C++ haikubali upitishe vekta (orodha) ya shared_ptr<Mbwa> kwenye fankisheni inayotaka vekta ya shared_ptr<Mnyama>, ilhali klasi Mbwa inarithi Mnyama. Kompaila inakukatalia kwa haki. Ni kweli shared_ptr<Mbwa> moja (pointa inayoweza kuwa na wamiliki wengi) inageuka shared_ptr<Mnyama> yenyewe, lakini vekta ya hizo na vekta ya hizi ni aina mbili zisizo na undugu. Fikiria ingeruhusiwa: fankisheni yako inapokea vekta ya Mnyama kwa rejeo, inasukuma Paka (klasi nyingine inayorithi Mnyama) ndani, na huko nje orodha yako ya mbwa ina paka. Tafadhali usilazimishe kwa reinterpret_cast (kumwambia kompaila aichukulie aina moja kama nyingine bila kuuliza), utalia baadaye.

Tengeneza vekta mpya:

std::vector<std::shared_ptr<Mnyama>> wanyama(mbwa.begin(), mbwa.end());

Wanyama wenyewe hawanakiliwi, ni pointa tu, na hesabu ya wamiliki inapanda.

Kwa unique_ptr (pointa yenye mmiliki mmoja tu) huwezi kunakili, kwa hiyo zungushia mbwa.begin() na mbwa.end() kila moja std::make_move_iterator, ili pointa zihamishwe badala ya kunakiliwa. Vekta ya zamani itabaki na pointa tupu, usiiguse tena ukidhani ina kitu. Hapo pia klasi mama lazima iwe na virtual ~Mnyama() (destructor, yaani kinachoitwa kitu kinapofutwa), la sivyo kufuta Mbwa kupitia Mnyama ni kosa lisilotabirika.

Kama fankisheni inasoma tu, mimi ningeifanya templeti, yaani fankisheni inayopokea vekta ya aina yoyote. Hakuna haja ya kugeuza chochote.