Mtoto kuvuja mafuta ya rangi ya chungwa baada ya kula samaki

Mama mwenzangu, umesema mwanao alikula minofu ya samaki mweupe mwenye mafuta usiku, asubuhi chupi ikalowa mafuta ya rangi ya chungwa, na sasa unataka kumwanzishia antibayotiki. Pole sana, ila usimpe kwanza. Binti yangu yalimpata hayohayo. Nilipoloweka nguo yake kwenye beseni, mafuta yalielea juu ya maji, hayana kamasi wala damu, na harufu yake ni ya samaki mtupu. Yeye mwenyewe alikuwa anacheza. Daktari alimpima homa, hana, kisha akauliza alikula nini.

Kuna samaki wa kina kirefu, hasa escolar na mwenzake Ruvettus pretiosus (kwa Kiingereza oilfish), ambao mafuta yao ni ya jamii ya nta, na hufika kama sehemu moja ya tano ya uzito wa minofu. Tumbo la binadamu haliwezi kuisaga. Inashuka kama ilivyo na kumtoka mtoto bila hata kujua, wakati mwingine na msokoto wa tumbo au kichefuchefu. Kwa kawaida huisha yenyewe ndani ya siku moja au mbili. Ubaya ni kwamba minofu ikishakatwa humtambui: mwaka 2007 huko Hong Kong watu waliuziwa samaki huyo kwa jina la kod, samaki mwingine mweupe wa kawaida, wakaugua. Japani imepiga marufuku kumuuza.

Mpe maji mara kwa mara, na ORS (chumvichumvi ya pakiti ya kuchanganya na maji) kama anaharisha majimaji. Dawa za kufunga tumbo za watu wazima usimguse nazo, nasisitiza hilo. Akipata homa, damu kwenye choo, macho kuzama, au akikaa muda mrefu bila kukojoa, nenda hospitali na lebo ya pakiti ya samaki.

Usichanganye na sumu ya histamini, inayotokea jodari, vibua au dagaa wakikaa kwenye joto, kupika hakuiondoi. Hiyo huja upesi, pengine ndani ya dakika chache: uso kupata moto, mdomo kuwasha, vipele, kichwa kuuma. Midomo ikivimba au akihema kwa shida, iwe histamini au mzio, kimbia naye hospitali hapohapo.

Huyo samaki wa jana usimpe tena. Dagaa na wengine wenye mafuta ya kawaida, wakiwa hawajaharibika na hana mzio nao, usimnyime.