Ukweni kwangu Hunan: majibu kwa ndugu zangu mnaouliza

Kila ninapoongea na nyumbani, iwe na wazazi Tukuyu au na wadogo zangu na wenzangu tuliosoma pamoja walioko Dar es Salaam, maswali huwa ni yale yale: ukweni China unaishije, wanakula nini, wanakuonaje wewe mtu mweusi, na mbona tangu uolewe na Mchina hatujaona gari wala nyumba. Kwa muda mrefu nimejibu kwa mkato. Sasa tumerudi Guangzhou tunakoishi, baada ya kuwatembelea wakwe zangu kwa ajili ya mwaka mpya wa jadi wa Kichina, na nimeona niwaandikie kwa kirefu bila kupamba wala kulalamika.

Kwanza ondoeni akilini ile China ya maghorofa mnayoiona kwenye televisheni. Maghorofa yapo, na hata treni ya mwendo kasi inayotutoa Guangzhou hadi Changsha, makao makuu ya mkoa wa Hunan, humaliza safari ya kilomita zipatazo 700 kwa muda wa saa mbili na nusu hivi. Lakini mume wangu ni mtoto wa wakulima wa mpunga, na kijijini kwao utakuta nyumba za ghorofa mbili au tatu zilizojengwa kwa mishahara ya vijana walioko viwandani Guangdong, mkoa uliko mji wa Guangzhou, huku wanaoishi humo karibu mwaka mzima wakiwa ni wazee na wajukuu. Mwaka mpya unapokaribia vijana hurudi, kijiji hufurika magari na kelele za fataki, kisha baada ya wiki mbili hivi wanaondoka tena na watoto wadogo wanabaki na bibi zao. Ninyi mliokulia vijijini mkapelekewa nguo na daftari na baba aliyeko mjini mtaelewa hali hiyo bila maelezo.

Mnauliza kuhusu baridi. Mimi ni mtu wa Tukuyu, mvua na ubaridi wa Juni si vitu vya kunitisha, lakini baridi ya Hunan ni ya namna nyingine, kwa sababu haina pa kukimbilia. Zamani serikali iliamua kwamba mabomba ya kupasha joto nyumba yawekwe kaskazini ya milima ya Qinling na mto Huai, na Hunan iko kusini ya mstari huo, kwa hiyo ndani ya nyumba ni sawa na nje, na juu ya hayo mlango wa sebuleni huachwa wazi mchana kutwa. Dawa yao ni meza ya mraba yenye hita ya umeme chini yake, inayofunikwa kwa blanketi nene linaloning'inia pande zote. Familia nzima huketi kuizunguka, miguu na magoti ndani ya blanketi, na hapo ndipo watu hula, hupokea wageni na hutazama televisheni.

Meza hiyo ndiyo iliyonipa kazi kubwa kuliko chakula, kuliko lugha na kuliko baridi yenyewe. Kwetu Wanyakyusa, kwa mila za wazee, mkamwana hamsogelei baba mkwe wake: akimwona anakuja njiani humkwepa, hakai naye chumba kimoja, wala hamtazami usoni. Najua mila hiyo imelegea, hasa mijini, lakini mama yangu aliishi nayo miaka mingi nami nimekua nikiiona. Sasa fikirini mtu aliyelelewa hivyo anakaribishwa aingize miguu chini ya blanketi moja na baba mkwe, ambaye naye, kwa ukarimu wake, anamchagulia nyama nono kwa vijiti vyake na kumwekea kwenye bakuli. Mara ya kwanza nilijibanza kwa mume wangu hata chakula hakikupita. Mzee alidhani ninaumwa, akaenda kunichemshia maji ya tangawizi. Ni yeye huyo huyo anayepika chakula cha mkesha wa mwaka mpya, tangu kuchinja kuku hadi kukaanga pilipili, na hakuna anayeona ajabu, kwa kuwa katika sehemu hiyo ya China mwanamume kushika mwiko ni jambo la kawaida. Kaka zangu mtanisamehe, lakini katika hili wametushinda.

Chakula chenyewe ni wali, samaki, mboga nyingi za majani, na nyama ya nguruwe iliyotundikwa juu ya moshi wa kuni kwa wiki kadhaa, vyote vikiwa na pilipili ambayo hata mtu wa Zanzibar ingemtoa machozi. Kuhusu nyoka na mbwa mnaowaulizia kila mara, mezani kwa wakwe zangu sijawahi kuwaona. Kula wanyamapori wa nchi kavu kulipigwa marufuku nchi nzima Februari 2020. Kuhusu mbwa, wapo watu wanaomla majira ya baridi, lakini wengi, akiwemo mume wangu, hawataki hata kusikia. Kitu ambacho hamniulizi, na ambacho kiliwahi kunishangaza kuliko vyote, ni kwamba watu wa Hunan wanatafuna popoo kama wazee wetu wa pwani, ila wao hutafuna ganda lililokaushwa na kutiwa utamu, bila tambuu. Wageni wa kiume hupewa popoo na sigara kabla hawajaketi vizuri, licha ya kuwa matangazo yake yalikatazwa redioni, kwenye televisheni na mtandaoni mwaka 2021 kwa sababu ya saratani ya kinywa.

Je, wananitesa? La. Mama mkwe ni mtu mwema, ila hatuelewani kwa maneno. Kichina nilichosomea darasani ni cha taifa, naye anaongea lugha ya kwao Hunan, ambayo hata Wachina wa mikoa mingine haiwaingii masikioni. Mkalimani wetu ni mtoto wa shemeji yangu aliyeanza shule juzi, ambaye hupunguza sentensi ndefu ya bibi yake kuwa maneno mawili: "Bibi anasema kula." Swali la lini tutazaa, hata hivyo, mama mkwe huniuliza kwa ishara za mikono zisizohitaji mkalimani, kama shangazi zangu wa Tukuyu.

Kuhusu rangi yangu nitasema wazi. Watu hunikodolea macho, watoto hukimbia kuitana waje kuniona, na wageni wengine hunipiga picha bila kuomba ruhusa au kunishika nywele. Wengi hawana ubaya, ni kwamba hawajawahi kumwona Mwafrika. Mzee mmoja aliniuliza kama kwetu kuna mchele, nikamwonyesha picha za mashamba ya Kyela. Lakini si wote wasio na ubaya. Nimewahi kusikia jamaa wa mbali akimwuliza mume wangu kama alikosa mwanamke wa Kichina, na hilo silipambi kwa kuliita ushamba.

Siku ngumu kuliko zote ni ya pili ya mwaka mpya. Kwa desturi yao, siku hiyo wake huenda kuwasalimu wazazi wao, kwa hiyo mke wa shemeji yangu huondoka asubuhi na mume, mtoto na mifuko ya zawadi, na nyumba hubaki na wazee, mume wangu na mimi. Tukuyu haifikiki kwa basi. Simu nayo ina mambo yake, kwa kuwa WhatsApp, Facebook na Google zimefungwa China, na mnaolalamika kwamba sijibu nimewaomba muda mrefu tu mfungue WeChat, programu ya ujumbe inayotumika huku.

Halafu kuna karatasi. Mgeni akilala nyumba ya mtu, lazima aandikishwe polisi ndani ya saa 24, hata kama ni mkwe na hata kama ni sikukuu, hivyo tukifika tu tunakwenda kituoni na pasipoti. Kibali changu cha kuishi ni cha mwanafamilia, na hakiruhusu kuajiriwa. Ukazi wa kudumu kwa njia ya ndoa unataka ndoa ya miaka 5, kuishi China miaka 5 mfululizo bila kupungua miezi 9 kila mwaka, na kuthibitisha kipato na makazi. Mpaka hapo naishi kwa mshahara wa mume.

Na mshahara huo unagawanywa, hapo ndipo lilipo jibu la gari na nyumba. Mwaka 2024 kima cha chini cha kitaifa cha pensheni ya wazee wa vijijini kilikuwa yuan 123 kwa mwezi, ambazo kwa shilingi zetu hazikufika elfu hamsini. Mikoa huongeza kidogo, lakini mzee hawezi kuishi kwa hiyo, kwa hiyo watoto wa kiume ndio wanaowatunza wazazi. Sikukuu nayo ina gharama zake: sisi tuliooa na kuolewa ndio tunaotoa bahasha nyekundu zenye fedha kwa watoto wote wa ukoo na kwa wazee, na kila nyumba unayoitembelea hupelekewa zawadi.

Wadogo zangu wawili mlioniandikia kwamba mmepata wachumba wa Kichina, siwakatazi. Mwombeni mwenzenu awapeleke kwao kijijini wakati wa baridi kabla ya ndoa, mjue nani anawalisha wazazi wake, na mtazame kwa macho yenu daftari la kaya wanaloliita hukou, kwa sababu ndani yake huandikwa kama mtu ana ndoa au hana. Asiyetaka kulionyesha, mwulizeni sababu mbele ya mtu anayesoma Kichina.