Majaribio mengi, alama zile zile

SWALI: Nimemaliza lisansi (shahada ya kwanza) ya uchumi hapa Bukavu, kwa Kifaransa, na najiandaa kwa GRE, mtihani wa kuombea masomo ya uzamili ng'ambo. Nimefanya majaribio saba lakini hesabu imekwama 152 kati ya 170. Niongeze mengine?
Msomaji, Kadutu

JIBU: Hapana, simama kwanza. Majaribio saba bila kuchambua makosa ni kupima homa kila saa bila kumeza dawa. Chukua la mwisho, andika kila kosa daftarini pamoja na sababu yake: hukujua kanuni, ulisoma vibaya, au muda uliisha? Baada ya siku tatu yarudie bila kutazama majibu.

Kwa aliyesoma Kifaransa kuna mtego wa mkato na nukta. Kwenye GRE 1,500 ni elfu moja na mia tano. Moja na nusu huandikwa 1.5, si 1,5 kama kwa Kifaransa. Ukichanganya, hesabu sahihi hukupa jibu baya.

Sehemu ya kwanza ya hesabu ina maswali 12 kwa dakika 21. Ya pili 15 kwa dakika 26, na ugumu wake hutegemea ulivyofanya ile ya kwanza. Karatasi haiwezi kuiga hilo. Kwa hiyo majaribio mawili ya bure ya kompyuta ya ETS, shirika linaloandaa GRE, usiyachome mapema: moja wiki nne kabla, jingine siku kumi kabla. Kaa saa 1 na dakika 58 mfululizo, betri ikiwa imejaa, maana umeme ukikatika katikati alama hiyo haikuambii kitu.

Usiache swali wazi; jibu baya halikati alama. Na insha ifanyie mazoezi kwa kibodi ya QWERTY. AZERTY, mpangilio wa herufi wa Kifaransa uliouzoea, itakula dakika zako.