Jibu: Risiti za duka la Goma zinaonyesha saa mbili nyuma

Ndugu, umeuliza kwa nini programu yako ya Python inachapa risiti za Goma zikiwa nyuma kwa saa mbili. Serveri yako inatumia UTC (saa ya marejeo ya dunia nzima), na Goma iko mbele yake kwa saa mbili. Amri ya `datetime.now()` inasoma saa ya mashine yenyewe, ndiyo maana kwenye kompyuta yako, yenye saa ya Goma, hukuona kasoro.

Usiongeze saa mbili kwa mkono kama mwenzetu mmoja alivyokushauri. Tawi la Kinshasa liko UTC+1, na mteja wa Brussels anabadilisha saa mara mbili kwa mwaka. Utaishia na sharti la `if` kila kona.

Hifadhi muda wa kila mauzo kwa `datetime.now(timezone.utc)`. Wakati wa kuonyesha tu, ugeuze uwe saa ya hapa: `muda.astimezone(ZoneInfo("Africa/Lubumbashi"))`. Usitafute Goma wala Bukavu kwenye orodha ya kanda za saa, hazimo. Mashariki yote ya Kongo tunatumia Lubumbashi. Moduli ya `zoneinfo`, inayotoa `ZoneInfo`, imo ndani ya Python tangu toleo la 3.9, ila kwenye Windows ongeza `tzdata` (data ya kanda za saa) kwa pip, kisakinishi cha Python. Na uachane na `utcnow()`: inarudisha muda usio na ukanda wa saa, kisha `astimezone` inaudhania kuwa ni wa mashine.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni ripoti yako ya mauzo ya siku. Mauzo ya 00:30 usiku hapa Goma ni 22:30 ya jana kwa UTC, kwa hiyo ukikusanya kwa tarehe ya UTC, pesa ya leo inaingia jana na mhasibu atakuja juu. Geuza kwanza, ndipo uchukue `.date()`.

Tarehe za kuzaliwa za wateja usiziguse, ziache `date` tupu, yaani tarehe bila saa.