Mhusika Hajulikani kwa Orodha ya Sifa

Barua nyingi mlizoniletea safari hii zinahusu wahusika: namna ya kueleza sifa zao na namna ya kuonyesha walivyobadilika. Nimechagua chache.

Nikiulizwa sifa za Maksuudi katika *Utengano* huandika: mkatili, mbinafsi, mzinzi, mnafiki. Mwalimu hunipa nusu ya alama. Nakosea wapi?
*Mwanafunzi wa Kidato cha Nne, Kilifi*

Sifa zote ulizozitaja ni zake kweli, mdogo wangu, ila hujazithibitisha. Chukua unafiki. Katika riwaya hii ya Said Ahmed Mohamed, Maksuudi amewafungia ndani mkewe Tamima na bintiye Maimuna kwa jina la heshima, na huku yeye mwenyewe anamfuata Kazija nyumbani kwake. Yaweke mambo hayo mawili katika sentensi moja, unafiki utaonekana hata kabla hujautaja. Ukatili na ubinafsi wake nao una mizizi ya zamani: alishawahi kumwoa Mwanasururu, akamnyang'anya mali yake. Ukilitaja hilo, msahihishaji ataona kwamba anayotendewa Tamima ni mwendelezo wa tabia ya siku nyingi, wala hayakuzuka kwa hasira ya jioni moja.

Anza na tendo, kisha tafuta jina la sifa. Ukianza na jina utaishia kuandika majina yanayomfaa mtu mbaya yeyote wa riwaya yoyote.

Je, mhusika bapa ni udhaifu wa mwandishi?
*Mwalimu, Dodoma*

Hapana, Mwalimu. Mgawanyo wa bapa, yaani mhusika asiyebadilika, na duara, mwenye sura nyingi na anayebadilika, tumeupata kwa E. M. Forster, Mwingereza aliyeueleza mwaka 1927, na wengi wetu tumeugeuza kuwa kipimo cha ubora. Angalia *Kusadikika* ya Shaaban Robert. Karama ameshtakiwa kwa kutaka kuanzisha mafunzo ya sheria, na anayemshtaki ni Waziri Majivuno, ambaye jina lake limeshasema mengi. Karama anajitetea kwa kusimulia, mmoja baada ya mwingine, habari za wajumbe waliotumwa nje ya nchi, wakarudi na maarifa, malipo yao yakawa kifungo. Tangu mwanzo hadi mwisho Karama ni yule yule. Wanaobadilika ni wanaomsikiliza, mpaka mfalme mwenyewe anatoa amri aachiwe. Angeyumba yeye, utetezi wote ungeanguka. Basi wanafunzi wako waulize uthabiti wake unafanya kazi gani katika hadithi. Swali hilo lina faida kuliko kuuliza yeye ni bapa au duara.

Nitaonyeshaje maendeleo ya mhusika katika tamthilia? Tunasoma *Kinjeketile*, na hakuna msimulizi wa kunieleza anachowaza.
*Mwanachuo, Mbeya*

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wanapopoteza alama. Huandika "mwanzoni alikuwa hivi, mwishoni akawa vile," wakaparuka mahali penyewe mhusika anapogeuka.

Katika tamthilia hii ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969, tunaanza kumjua Kinjeketile kwa midomo ya wengine. Amejifungia ndani, hazungumzi na watu, na mkewe ndiye anayemweleza Bibi Kitunda yaliyomo nyumbani. Kisha anaingia Mto Rufiji, anatoka akiwa na maji yanayoaminiwa kuwakinga watu na risasi, na anawahutubia watu kwa uhakika wa mtu aliyetumwa na mzimu Hongo. Lakini ndani ya hotuba hiyo hiyo kuna jambo moja la ajabu: kwamba Mjerumani akishaondoka, watakuwa watoto wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar. Akili ikimrudia, neno hilo linamchoma. Anayetaka watu wake wawe huru atawakabidhije kwa mtawala mwingine? Je, aliyesema ni Hongo kweli? Weka kidole hapo. Kabla ya hapo alikuwa mjumbe anayefikisha alichoambiwa. Tangu hapo anaanza kufikiri na kuogopa.

Matendo yake yanafuata shaka hiyo. Anataka vita vingoje, watu waungane kwanza na wajiandae. Watu waliokwisha kuyaamini maji hawataki kungoja, na neno alilolizaa yeye limeshakuwa kubwa kuliko yeye. Mwishoni, akiwa mikononi mwa Wajerumani, mwenzake Kitunda anamsihi akiri kuwa maji yalikuwa uongo. Anakataa. Msomaji wa haraka atasema amerudia imani yake ya mwanzo. Mimi sioni hivyo hata kidogo. Ameshaona risasi zilivyowaua wenzake. Anachokataa ni kumpa Mjerumani nafasi ya kuwaambia watoto wao kwamba kupigana kulikuwa kosa. Mwanzoni alisema kwa sababu aliamini ametumwa. Sasa anakataa kusema kwa hiari yake, akijua atalipa nini. Ushahidi wa yote haya umo katika mazungumzo na maelekezo ya jukwaani, kwa hiyo msimulizi hukumhitaji.

Naruhusiwa kutumia historia ya vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani kumchambua Kinjeketile?
*Mwanachuo huyo huyo*

Kwa kueleza mazingira, ndiyo. Kwa sifa zake, baki ndani ya tamthilia. Kinjeketile Ngwale wa historia alinyongwa Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Wa jukwaani yu hai hata baada ya watu wake kushindwa. Hussein mwenyewe aliwaonya wasomaji kwamba wake ni kiumbe wa ubunifu.

Katika *Rosa Mistika*, wa kulaumiwa ni Rosa au baba yake?
*Msomaji, Mwanza*

Mwandishi Kezilahabi amewafikisha wote wawili mbele ya Mungu walumbane, kwa hiyo usitarajie jibu la neno moja. Zakaria, babaye Rosa, alimpiga binti huyo kwa sababu ya barua ya mvulana, wala hakumfundisha lolote la kumsaidia akiwa mbali na fimbo yake. Hiyo ndiyo chemchemi ya mabadiliko ya Rosa. Hata hivyo ukimbebesha baba mzigo wote, utakuwa umemnyima Rosa akili na utashi, na riwaya inamwonyesha mara nyingi akiamua mwenyewe.

Mwanangu anasoma mwongozo tu, kitabu chenyewe hakigusi. Nifanyeje?
*Mzazi, Nakuru*

Jambo hili linaniuma, mzazi mwenzangu, kwa sababu mwongozo humpa mtoto hukumu bila kumwonyesha kesi. Usimnyang'anye. Mwambie achague ukurasa mmoja wa kitabu ambapo mhusika anagombana na mtu, ausome kwa sauti, kisha akueleze kila mmoja anataka nini na anaficha nini. Baada ya hapo ndipo afungue mwongozo alinganishe. Wakitofautiana, na mtoto ana tukio la kuthibitisha lake, mwache alishike lake.