Ukiitwa kwenye mkutano wa bustani, anza na maji

Michoro ya bustani za umma inayoletwa kwenye mikutano ya mtaa huwa kijani tupu. Nyasi kila pembe, vijia vya mawe, na pengine chemchemi ya kurusha maji katikati. Nimekaa kwenye mikutano hiyo mara kadhaa, kisiwani Mombasa na huku Kisauni, na siku hizi swali langu la kwanza ni moja: mwezi wa Februari haya maji mtayatoa wapi?

Maji yetu ya mfereji yatoka kwenye vyanzo vya mbali. Mzima iko Tsavo, zaidi ya kilomita 200. Baricho iko kwenye mto Sabaki. Marere na Tiwi ziko Kwale. Visima vingi vya kisiwani vina chumvi. Sasa piga hesabu. Nyasi kwenye jua la kaskazi zaweza kunywa lita 5 kwa siku kwa kila mita ya mraba. Kiwanja cha mita 1,000 za mraba kitataka lita 5,000, yaani mitungi 250 ya lita 20, kila siku ya Mungu. Itaje kwa mitungi, usiitaje kwa lita. Kila aliyewahi kungoja mkokoteni wa maji atakuelewa, hata mzee anayesinzia nyuma.

Sisemi nyasi ziondolewe zote. Watoto wanataka pa kuchezea. Lakini ziwe pale zinapokaliwa, si kandokando ya barabara kwa ajili ya picha.

Kabla ya mkutano, nenda ukaketi mahali penyewe kwa saa tofauti. Laitihausi, pale pa kupumzikia ufukweni, jioni ni mikeka, watoto, na mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu. Adhuhuri ni watu wengine kabisa: hamali amelala chini ya mti, kichwa juu ya ndara zake, na chupa tupu kando. Huyo hahitaji maua. Anahitaji kivuli na mfereji. Ukiwauliza kina mama, wengi watakutajia choo chenye maji kabla ya kitu kingine chochote. Na kwa kuwa mikutano hii hupenda kuitishwa asubuhi siku ya kazi, wachuuzi hawatakuwepo. Andika maneno yao uende nayo.

Miti ipandwe masika yakianza, na iwe ya kwetu: mkwaju na mbuyu. Mche utahitaji kumwagiliwa kiangazi cha kwanza, pengine na cha pili. Baada ya hapo utajitafutia. Uchimbiwe kisahani kuzunguka shina na kijazwe majani makavu ili udongo usikauke upesi. Hapa ndipo ninapogombana na wasimamizi: majani yanafagiwa alfajiri, yanachomwa, kisha saa mbili mpira wa maji unafunguliwa kumwagilia udongo uliobaki uchi.

Jambo jingine ambalo halimo kwenye michoro ni udhu. Bustani nyingi za mji huu zina msikiti jirani, na maji ya udhu, ambayo kwa kawaida hayana sabuni, yanaishia mtaroni mara tano kwa siku. Zungumzeni na kamati ya msikiti mapema, kwa adabu, kabla mafundi hawajaanza kuchimba. Bomba moja la kuyapeleka kwenye mizizi ya miti si gharama kubwa. Paa nalo lisisahaulike: mvua ya milimita 10 juu ya paa la mita 100 za mraba ni karibu lita 1,000. Tangi lifunikwe vizuri, maana mbu wa dengi twawajua.

Mwisho, mkikubaliana, hakikisha mfereji, choo na tangi vimeandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano kwa majina, pamoja na nani atalipa bili. "Huduma nyinginezo" isikubaliwe. Mwaka wa fedha wa kaunti huanza tarehe 1 Julai. Kisichokuwa kwenye bajeti kufikia hapo, utaambiwa usubiri mwaka ujao.