Una pesa ya kimoja tu? Chukua diski, vitesi za umeme zitakuja

Ndugu, umeuliza: uko Bukavu, pesa yako inatosha kimoja tu kati ya freni za diski na vitesi (gia) za elektroniki, ununue kinga (baiskeli) gani? Mimi nasema diski. Yangu ina diski na vitesi za kebo, na ya rafiki yangu yenye Di2, yaani vitesi za elektroniki za kampuni ya Shimano, nimeipanda mara nyingi.

Tazama mahali tunapoishi. Ukitoka Kadutu kushuka mjini mvua ikinyesha, rimu (ukingo wa gurudumu) inashika maji na mchanga. Freni ya rimu, ile inayobana ukingo huo, lazima kwanza ifute maji hayo ndipo ishike, na wakati inafuta, wewe unaendelea kwenda, na mbele kuna mama amebeba mzigo anavuka. Ule mchanga nao unasaga rimu kila unapobana, mwisho unanunua gurudumu zima. Diski iko juu, karibu na ekseli, mbali na matope, na kinachoisha ni plaketi ndogo tu, vile vipande vinavyobana diski. Tukivuka mto Ruzizi kuingia Rwanda kupanda barabara ya msitu wa Nyungwe, inayofika zaidi ya mita 2,000, kurudi ni mteremko mrefu sana. Pale rimu inaweza kupata moto mpaka chambre (mpira wa ndani ya tairi) ipasuke. Kwenye diski nabana kwa vidole viwili na mikono haichoki.

Vitesi za elektroniki ni nzuri, sitakudanganya. Unagusa kitufe, cheni inahama hata ukiwa unakanyaga kwa nguvu mlimani, na hakuna kebo ya kuingia matope. Watu wanaogopa umeme kukatika, lakini betri ya Di2 inaenda mamia ya kilomita kabla ya kuchajiwa, na ikikaribia kuisha vitesi za mbele ndizo zinazokufa kwanza, kwa hiyo unaonywa. Hofu yangu ni siku utakayoanguka na mtambo wa nyuma, ule unaohamisha cheni, ukavunjika. Kebo fundi yeyote atakubadilishia; mtambo ule utausubiri kutoka nje, na bei yake inauma. Wale walioshindana Kigali mwaka 2025 kwenye mashindano ya dunia ya baiskeli walikuwa na gari la mafundi nyuma yao. Sisi hatuna.

Halafu kuna hili, ambalo kwangu ndilo linalomaliza mjadala: fremu ya freni za rimu haina mahali pa kufunga diski. Ukiikosa leo, umeikosa mpaka ubadilishe fremu na magurudumu. Vitesi za elektroniki unaweza kuziongeza baadaye kwenye fremu nyingi za sasa. Na usikubali mtu akuambie kebo zimekwisha: Shimano walitoa seti yao iitwayo 105, ya kebo na vitesi 12, yenye freni za diski zinazosukumwa na mafuta, mwaka 2023.

Ukiagiza, agiza pamoja na plaketi jozi mbili na chupa ya mafuta ya freni hizo. Shimano wanatumia mafuta ya madini. Usikubali kamwe fundi akuwekee mafuta ya freni ya gari, yanaharibu mipira ya ndani. Ukitoa gurudumu, weka kipande cha plastiki katikati ya plaketi na usibane freni. Na mafuta ya cheni yasiguse diski hata tone, plaketi zikishayanywa ni za kutupa.

Niandikie fremu uliyoiona, nikuangalizie kama inapitisha tairi la milimita 32. Kwa barabara ya Kavumu utalihitaji.